Vitu Tulivyonunua na Ushuhuda Wetu

Katika nyumba yetu hapa Mwanza liko daftari moja lenye jalada jeusi, na ndani yake huandikwa kila kitu tununuacho kikizidi bei ya shilingi 20,000. Huandikwa jina la kitu, siku tuliyokinunua, bei yake, na maneno aliyotuambia muuzaji. Kisha huachwa nafasi tupu. Nafasi hiyo haijazwi ila baada ya miezi mitatu kupita, nayo hujazwa na yule aliyekitumia kitu hicho kuliko wengine, awe mkubwa au mdogo. Hivyo rai juu ya sufuria ni ya bibi wa nyumba, na rai juu ya taa ya kusomea ni ya watoto, wala sisi hatuna ruhusa ya kuibadili.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya watu wasio na kazi. Basi na atuvumilie kidogo tumweleze asili yake, maana daftari hili halikuanza kwa busara. Lilianza kwa aibu.

Shangazi yetu akaa Igombe, kule ufukweni kaskazini ya mji, na kazi yake ni kununua dagaa wabichi kwa wavuvi, kuwaanika na kuwauza. Aijuaye kazi ya dagaa ajua ya kuwa ni kazi ya usiku. Mitumbwi huingia ziwani nyakati za giza, kwa sababu dagaa huufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hazina nguvu, wavuvi hupumzika. Mitumbwi hurejea kabla ya jua kutoka, na mtu atakaye dagaa wazuri hana budi kuwapo mwaloni na taa yake mkononi, aone anachokinunua. Miaka mingi Shangazi alikwenda na koroboi.

Siku moja alitutembelea akaiona taa yetu ya nguvu ya jua. Akauliza: “Baba, hii taa yenu ni nzuri? Nami ninunue?” Taa ile ilikuwa na siku nane tu nyumbani mwetu. Tuliisifu kana kwamba tumeizaa. Tukamwambia: “Nunua, Shangazi, hutajuta.” Akatoa shilingi 45,000, fedha ya upatu ambayo aliingojea zamu yake miezi saba, akanunua ya namna ile ile.

Mwezi wa nne taa ikafa. Yetu nayo ikafa wiki mbili baadaye, lakini sisi tuna umeme ukutani, na hasara yetu ilikuwa ya fedha peke yake. Shangazi alirudi kwenye koroboi. Usiku mmoja mjukuu wake alikuwa akisoma, koroboi ikapinduka juu ya jamvi. Daftari zake ziliteketea, pindo la chandarua likashika moto, na mtoto akaungua kiganja cha mkono wa kulia, ule wa kuandikia. Tulipokwenda kumtazama Shangazi hakutulaumu hata kwa neno moja. Alisema tu: “Ni kudra ya Mungu, baba.” Nasi tulijua ya kuwa katika jambo lile lilikuwamo neno letu la siku nane.

Tulimpelekea shilingi 45,000 zake. Alizikataa mara mbili. Mara ya tatu alizipokea kwa sharti moja: tusimshauri mtu yeyote tena juu ya kitu ambacho hakijapata kunyeshewa masika nyumbani mwetu. Ndipo tuliponunua daftari jeusi.

Kabla hatujaendelea, yuko ndugu mmoja aliyetuuliza baada ya sala ya Ijumaa, je, kutaja aibu ya bidhaa ya mtu si kumsengenya? Swali lake ni zuri, na wanazuoni wamekwisha kulitazama zamani. Imam Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, yaani 1277, amehesabu miongoni mwa mambo yenye ruhusa ya kuwa mtu atakwaye shauri aitaje aibu aijuayo, ili mwenzake asidhurike, mradi asizidishe kuliko haja. Kwa hiyo katika makala hii hatutaji duka wala mtu aliyetuuzia kibaya. Haja ya msomaji ni kuijua aibu yenyewe na namna ya kuitambua. Jina la mwenye duka halitamwangazia nyumba.

Basi na tuanze na taa. Ile iliyokufa tulimpelekea fundi mmoja karibu na Makoroboi, mahali ambapo jina lake latosha kuwa historia, kwani pameitwa hivyo kwa ajili ya mafundi waliokaa hapo wakitengeneza koroboi kwa makopo matupu. Fundi aliifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na betri ndogo ya risasi na asidi, na alitueleza habari yake kwa subira. Betri ya namna hiyo haipendi kuachwa tupu. Ikikaa tupu wiki mbili tatu, chumvi hugandamana juu ya bamba zake za risasi, na tangu hapo haishiki tena nguvu ila kidogo. Katika wiki za mawingu taa yetu ilikuwa ikiwashwa kila usiku hata inazima yenyewe, na asubuhi hapakuwa na jua la kuijaza. Tuliiua sisi wenyewe, kwa kutojua. Lakini muuzaji naye alikuwa ametuambia ya kuwa taa ile haitaki matunzo, na maneno hayo hayakuwa ya kweli.

Taa tuliyoinunua baadaye ina betri ya lithiamu na chuma, nayo ilituchukua shilingi 78,000. Tuliandika katika daftari baada ya miezi mitatu, tukaandika tena baada ya kumi na minne. Yawaka kama siku ya kwanza. Aibu zake ni mbili. Kigingi cha kuitundikia kilivunjika mwezi wa pili, nasi twaitundika kwa uzi wa nyavu. Na kitufe chake ni kigumu mno kwa vidole vya mtu mzima. Shangazi alitungoja miezi yote hiyo kumi na minne, kisha akanunua yake. Rai yake ni kwamba mwanga mweupe una faida ambayo hakuitazamia: sasa auona mchanga uliomo ndani ya dagaa kabla hajatoa fedha. Wavuvi wenyewe wametangulia katika jambo hili, kwani wengi waliokuwa wakibeba karabai za mafuta ya taa siku hizi wabeba taa za LED na betri zake.

Kutoka taa tuliingia katika paneli ya jua, na hapa pana kisa kirefu kidogo. Tulitaka paneli ya wati 50 kwa ajili ya banda la kuku na kuchaji simu umeme unapokatika. Tulinunua moja mjini, nyuma yake imeandikwa wati 50 kwa herufi nzuri. Baada ya somo la kwanza tulikuwa tumekwisha kuogopa herufi nzuri, tukamwita fundi wetu aje na mita yake. Akaipima saa sita na nusu mchana, jua likiwa wazi kabisa. Voliti zilikuwa 21, akasema ni sawa, paneli yoyote ya namna hiyo hutoa kiasi hicho, hata iliyo ndogo. Ampea ndizo zisemazo kweli. Paneli ya wati 50 katika jua kali la adhuhuri yapaswa kutoa karibu ampea 3; hii ilitoa moja na nusu. Akaigeuza, akaifuta vumbi, akapima tena, ikawa vile vile. Kwa maneno mengine tulikuwa tumenunua wati 27 hivi kwa bei ya 50.

Tuliirudisha siku ile ile. Muuzaji alituonyesha chini ya risiti yake maneno yale ambayo kila mkazi wa mji ayajua: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nasi tukamjibu kwa upole ya kuwa maneno hayo yawafaa watu waliobadili nia, hayawafai waliouziwa aibu. Katika fikihi mnunuzi aliyeikuta aibu ya zamani ndani ya kitu anayo khiyari ya kukirudisha na kupewa fedha yake. Lakini wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameweka sharti ambalo wengi wetu hulisahau: asikawie. Aijuaye aibu akaendelea kukitumia kitu, haki yake ya kurudisha humwondokea. Mara ngapi tumesikia mtu akilalamika juu ya pasi aliyoitumia mwaka mzima! Na sheria ya nchi pia haikunyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi juu ya sifa za bidhaa.

Yule muuzaji alitaka kukasirika, lakini fundi akamwomba ruhusa apime paneli nyingine nne za dukani, zote zimeandikwa 50. Zikawekwa barabarani juani, watu wakakusanyika. Moja tu ndiyo iliyokuwa ya kweli. Tulimwona yule bwana akinyamaza, akiziangalia tatu zilizobaki, na tukafahamu ya kuwa naye alikuwa ameibiwa kabla yetu. Alitupa ile iliyo nzuri. Tangu siku hiyo hupima kila mzigo kabla ya kuupokea, nasi twanunua kwake bila wasiwasi, na kama tusingekwenda kumlalamikia tungalikuwa tukimsema vibaya mpaka leo.

Jikoni ni milki ya bibi wa nyumba, na kurasa zake katika daftari ndizo kali kupita zote. Tulianza kupikia gesi kwa mtungi mdogo wa kilo 6. Rai yake ya kwanza yasema: “Chai ya alfajiri kabla ya adhana ya pili, bila moshi, Alhamdulillahi.” Rai ya pili, baada ya mwezi, yasema: “Gesi yaisha upesi mno, ama tunapika sana, ama tunapunjwa.” Hakuridhika na kushuku. Mtungi mpya ulipoletwa aliupakia katika bajaji mpaka soko la Mwaloni, Kirumba, akamwomba mpimaji wa dagaa auweke katika mizani yake. Juu ya kila mtungi umechapwa uzito wake ukiwa mtupu. Wetu ulichapwa kilo 7 na gramu 600. Ukijaa sawasawa wapaswa kufika kilo 13 na gramu 600. Mizani ilisema 12 na gramu 400. Zilipungua kilo moja na gramu mia mbili, ambazo kwetu ni mapishi ya siku nne au tano.

Muuzaji wa mtaani aliubadilisha bila ubishi alipoambiwa habari ya mizani. Twawasihi wasomaji wafanye hesabu hiyo ndogo. Chukua uzito wa mtungi uliojaa, toa uzito uliochapwa, baki ndiyo gesi uliyonunua. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wapikia nishati hiyo. Ni jambo jema kwa macho na vifua vya mama zetu. Lakini mama aliyepunjwa gesi mara tatu atarudi kwenye mkaa, wala hapana hotuba itakayomzuia.

Na mkaa wenyewe si salama. Masika yaliyopita tulinunua gunia lililofungwa vizuri, juu mapande makubwa makavu yenye kulia kama kigae. Katikati lilikuwa na chenga, na chini lilikuwa limelowa hata maji yakatiririka juu ya sakafu. Hapo bibi wa nyumba alitukumbusha habari mashuhuri ya Mtume, sala na amani zimshukie, alipopita sokoni Madina akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke ule uliolowa juu, watu wauone. Twaona ya kuwa swali lile lingali lawangoja watu wengi katika masoko yetu. Sasa kabla ya kununua gunia twatia mkono mpaka chini, na muuzaji akikataa twaondoka.

Kitu kimoja cha jikoni kimepata sifa zisizo na “lakini” isipokuwa moja. Ni ile sufuria ya umeme ya kupikia kwa mvuke, iitwayo presha kuka. Tuliipinga sana kuinunua, tukidhani ya kuwa itakula umeme. Maharage ambayo juu ya mkaa yalichukua saa mbili na nusu, humo huiva kabla ya saa moja kutimia, na umeme wake ni mdogo kuliko tulivyodhani, kwa sababu ikishapata moto hujizima yenyewe na kukaa na joto lake. Ile “lakini” ni mpira wa mfuniko. Hushika harufu, na nyumba ipikayo dagaa leo hula wali wenye harufu ya dagaa kesho. Mpira wa pili ulitaka kutafutwa mji mzima. Atakayenunua na aulize kwanza kama mpira wa akiba wapatikana. Kama haupatikani na achague ya namna nyingine.

Ama godoro, hatuna mengi ya kusema ila kwamba mtu aende dukani na futi yake ya kupimia. Tuliambiwa inchi 6, tukalala juu ya inchi 5.

Tuje sasa katika mambo ya simu, ambayo vijana wetu hutaka tuyaanze nayo. Mwaka 2016, usiku wa tarehe 16 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu za bandia, na watu wengi waliamka wakakuta simu zao zimekuwa vioo vya kujitazamia. Kabla ya siku ile wananchi walifundishwa kubonyeza *#06#, wapate namba ya simu yenye tarakimu 15, na kuituma kwa 15090 ili waelezwe kama ni halali. Vijana wa siku hizi wengi hawaijui habari hiyo, nao hununua simu zilizotumika kwa kutazama rangi yake. Twashauri namba ile isomwe katika simu yenyewe, kisha ilinganishwe na iliyoandikwa juu ya boksi. Zisipolingana, hapana haja ya maneno mengine.

Hasara yetu sisi haikutokana na simu. Ilitokana na kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha, iliyoandikwa GB 64, tuliyoinunua kwa bei ya kuchekesha kwa kijana mpita njia. Siku ile aliolewa binti wa ndugu yetu, na kijana wetu ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha. Alipiga picha na video mchana kutwa. Usiku tulipozitazama, za asubuhi zilifunguka. Zilizofuata zilikuwa mistari ya kijivu. Nikaha yenyewe ilikuwa imepotea, na sauti ya baba wa bibi arusi akiozesha ilikuwa imepotea pamoja nayo. Yule baba alifariki miezi sita baadaye, Mungu amrehemu, nayo ndiyo ilikuwa rekodi ya pekee ya sauti yake.

Mtu ajuaye mambo hayo alitueleza baadaye ya kuwa kadi zile ni ndogo, labda GB 8, lakini zimetiwa ndani yake uongo wa kuiambia simu ya kuwa ni kubwa. Simu huendelea kuandika bila kushuku, na yazidiyo kipimo cha kweli hupotea au huandikwa juu ya yale yaliyotangulia. Namna ya kuijaribu ni kuijaza kabla ya siku ya haja. Tia ndani yake video zozote mpaka isema imejaa, kisha zifungue za mwanzo, za kati na za mwisho. Kazi hiyo huchukua jioni moja. Sisi hatukuifanya. Katika daftari nafasi ya kadi ile ilijazwa na kijana mwenyewe, naye aliandika maneno mawili tu: “Nisameheni, Baba.” Tulimwambia ya kuwa kosa lilikuwa la mnunuzi, na mnunuzi tulikuwa sisi.

Vitabu tumeviacha nyuma kwa sababu twavipenda, na mtu hujiwekea kitu atamanicho.

Nyumbani mwetu mna nakala ya Kurani Takatifu yenye tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyopigwa chapa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Ilinunuliwa na babu yetu. Imeshonwa upya mara mbili, na pembeni mwa kurasa yamo maandishi yake ya penseli, maswali aliyokusudia kumwuliza shehe. Hatujapata kununua kitu kilichotulipa zaidi, nasi hatukukinunua. Wanaouliza ni tafsiri gani ya Kiswahili inayofaa kuanzia nyumbani, jibu letu ni hiyo, kwa ajili ya maelezo yake ya chini, ambayo yamsaidia mtoto kusoma peke yake pasipo kukwama kila mstari. Aibu yake kwetu ni kwamba herufi za maelezo ni ndogo, na wazee wahitaji miwani na mchana mweupe.

Kamusi ilitutia hasarani. Tuliinunua juu ya turubai kando ya barabara, bei nusu ya ile ya dukani, na kwa nje ilikuwa haina dosari. Binti yetu wa kidato cha pili ndiye aliyeigundua, siku alipotafuta neno “mizani” asilione. Kurasa 32 zilikuwa hazimo, na mahali pake zimerudiwa kurasa 32 nyingine ambazo tulikuwa nazo tayari. Ilikuwa nakala ya wizi, iliyotolewa na mtu asiyeandika hata neno moja la kitabu kile wala kumlipa aliyeandika. Hatukuwa na wa kumlalamikia, kwa kuwa tulipoiona bei tulijua, au tulipaswa kujua. Sasa tunayo Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA iliyotoka mwaka 2015. Ni nzito, si ya kubebwa shuleni, na bei yake yaumiza; lakini “mizani” imo.

Kitabu ambacho tungependa kila nyumba ya kandokando ya ziwa ikipate ni kile cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, “Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka”. Aliimaliza kazi hiyo mwaka 1945 kwa Kikerewe, asipate wa kuipiga chapa kwa lugha ile, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Tulinunua nakala kuukuu isiyo na jalada, na bibi wa nyumba akatusomea usiku baada ya Isha. Ni habari ya mume na mke waliopendana, wasiojaaliwa mtoto kwa muda mrefu, na jinsi maneno ya jamaa yalivyotaka kuwatenga. Rai ziligawanyika. Mwanetu mkubwa aliandika kwamba mtu ahitaji kurasa kumi ili atoke nyumbani afike shambani. Ni kweli, mwandishi hapiti penye jembe, dawa, samaki au mtumbwi bila kueleza kinavyofanywa. Tena pombe imo kwa wingi, hata wakwe wadai faini yake, na mzazi na ajue hivyo kabla ya kumpa mtoto. Lakini mama mkwe wetu, ambaye alikaa miaka tisa katika ndoa kabla ya kumpata bibi wa nyumba yetu, alisikiliza sura za mwanzo akiwa amejifunika uso kwa kanga, na usiku wa tatu akasema tusiruke hata ukurasa mmoja. Rai yake ndiyo tuliyoiandika katika daftari.

Ijumaa iliyopita Shangazi alikuja mjini na furushi la dagaa, wale wa kwenye vichanja, wasio na mchanga. Mjukuu wake alikuwa naye. Kiganja kimepona, kimebaki kovu, na mwandiko wake si mbaya. Alipokuwa akingoja chai aliona juu ya rafu redio yetu mpya. Akaishika, akaigeuza, akaisikiliza kidogo, kisha akauliza: “Na hii je, baba? Ni nzuri?”

Tulifungua daftari tukamwonyesha. Redio ilikuwa na siku kumi na tisa, na nafasi yake ilikuwa tupu.

Akacheka, akairudisha rafuni, akasema atauliza tena mvua zikiisha.